Ngozi ya Chini ya Santuri

Ngozi ile Isdori aliniletea ndani ya ndoo ya rangi, kaifunika kwa gunia. Nilipofunua nikarudi nyuma. Haikuwa ngozi. Alikuwa ndama mzima, mdogo kama mbwa, macho yamefumba, manyoya yamelala kama yamechanwa kwa kitana.

"Isdori, hiki ni nini?"

"Mama, usikunje uso. Kule machinjioni kuna ng'ombe wanaletwa na mimba, wanachinjwa hivyohivyo. Hawa wa tumboni wanatupiwa mbwa. Si bora awe kitu?"

Isdori ni kitinda mimba wangu. Anatengeneza mashine za kupigia santuri hapa Sumbawanga, kwenye banda la nyuma ya nyumba yetu Kizwite. Si zile gramafoni za baba zetu za kuzungusha kwa mkono. Za kwake mtu mmoja habebi. Chini ni sanduku la mninga, juu ni sahani ya chuma aliyoikereza mwenyewe, ukiisukuma kwa kidole waweza kwenda bombani kuteka maji na kurudi, ukaikuta bado inazunguka. Huvaa glovu nyeupe, maana anasema jasho la mtu linaharibu chuma. Anapima usawa kwa pimamaji, anapima tena, na akifunga mkono wa sindano hatuthubutu kukohoa. Wateja wanampigia simu kutoka Dar es Salaam na ng'ambo. Nilikuwa najivunia, sikatai.

Kazi yangu mimi ilikuwa ngozi. Kati ya sahani na santuri panatakiwa kitu laini cha kumeza mtetemo, usiifikie sindano. Baba yangu alikuwa mwamba ngoma, ndiye aliyenifundisha kuloweka ngozi kwenye maji ya majivu, kuipara, na kuisugua kwa mafuta ya nyonyo mpaka ilainike kama kitambaa. Tulianza na mbuzi. Isdori hakuridhika. Mara hapa ni nene, hapa nyembamba, hapa pana kovu la kupe, hapa mwiba ulipita.

"Ngozi hii imeishi sana, mama," alisema. Ndipo akaja na ndoo.

Nilifanya. Mimi ni mtu wa kuvumilia, na mtu wa kuvumilia huvumilia hata yasiyostahili. Nilipara uso nimeuelekeza pembeni. Harufu yake haikuwa ya uozo, heri ingekuwa hivyo. Ilikuwa ya maziwa. Nikawa najiambia, wa kutupwa ni wa kutupwa.

Ngozi ilipokauka akaikata mviringo, akaitandika, akaweka santuri ya kwaya. Na niseme kweli, ilikuwa nzuri. Nilisikia waimbaji wakivuta pumzi kabla hawajaanza kuimba, kama vile wako chumbani kwangu. Ningeshukuru kama ingekuwa mbaya.

Mteja akaja na gari lake kutoka Dar, Cleophas jina lake, mtu mnene wa manukato.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Alisikiliza amefumba macho. Santuri ilipoisha akaiondoa, akapitisha vidole juu ya ngozi.

"Fundi, hii ni ngozi gani?"

Isdori akajikohoza. "Ndama, bosi."

"Ndama gani mlaini hivi?"

"Ambaye hajazaliwa," nikasema mimi. Nilidhani ataondoa mkono.

Hakuondoa. Aliipapasa kama mtu anavyopapasa shavu la mke mpya. "Dah! Hajaguswa na dunia," alisema, halafu akainama akainusa, kisha akaiweka shavuni. "Nitengenezee mashine sita za marafiki zangu. Ngozi iwe hiihii. Mbuzi sitaki hata kumsikia."

Isdori alikereza sahani zote sita, zikapangwa bandani zinang'aa, uchi. Lakini kule machinjioni alianza kuja bwana mifugo mkali, kila ng'ombe mwenye mimba anamrudisha. Ndoo moja ya mwisho ilipatikana kwa kificho, basi. Mwanangu akawa anazunguka banda kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kisha akaja Minza. Minza ni jirani yetu wa nyumba ya mwisho mtaani, Msukuma, mke wa Enock. Hunijia na maziwa asubuhi. Siku hiyo alikuja mikono mitupu, mtoto mgongoni.

"Bibi, eti ni kweli mwanao anamtaka ng'ombe wangu mweupe?"

"Amtakie nini?"

"Enock amempatia. Wamebadilishana na pikipiki ya mwanao. Nyama itauzwa, ya tumboni anachukua fundi. Jumamosi wanamchinja. Enock anasema wengine atawatafuta kwa wenzake, ila ataanza na wangu." Alijifuta pua kwa kiganja. "Yule walinipa kaka zangu nilipojifungua huyu, ili anywe maziwa. Amebakiza siku chache azae, bibi. Chuchu zimeshajaa."

Nilimfuata Isdori bandani.

"Wale wa machinjioni ulisema wanatupwa. Huyu wa Minza katupwa na nani?"

"Mama, ng'ombe ni wa kuchinjwa. Asichinjwe leo, atachinjwa mwakani."

"Na wa tumboni?"

"Wa tumboni hajui kitu."

"Na wewe unajua nini? Umewahi kuigusa hata moja kabla sijaimaliza?"

Mwanangu namjua. Tangu utoto, kuku aliyemwona akinyonyolewa hamli. Nikaona njia. Ile ndoo ya mwisho ilikuwa kivulini, bado haijaguswa. Nikaivuta mpaka miguuni pake, nikamwekea kisu cha kuparia.

"Mimi nimeshanawa. Chuna, upare mwenyewe."

"Mama, acha utani."

"Unaniona nacheka?"

Akavaa glovu zake nyeupe. Akazivua. Akazivaa tena. Alipofunua gunia na kushika mguu wa kile kiumbe, alikimbilia nyuma ya banda, nikamsikia akitapika. Nikakaa kwenye kigoda roho yangu imetulia. Yameisha, nikasema. Sasa anakijua anachokitaka.

Akarudi, akasukutua, akashika kisu. Akatapika tena, safari hii maji matupu. Akarudi. Mara ya tatu alikunja uso tu. Halafu uso ukakunjuka. Jua lilipofika utosini alikuwa amekaa vizuri, ameegemea, anapara huku anapiga mluzi, na glovu zimekuwa rangi ambayo sitaki kuitaja.

"Hivi, mama? Au nilaze kisu zaidi?"

Watu husema kinyaa ni mlinzi. Mlinzi wa mwanangu alilala mchana kweupe, mimi namwangalia, na mimi ndiye niliyembembeleza.

Nilijitanda kitenge nikaenda kwa Minza.

"Enock yuko wapi?"

"Kaenda kujifunza pikipiki."

"Na kaka zako?"

"Bondeni, Muze."

"Mfunge mtoto. Tunakwenda na ng'ombe."

"Leo, bibi? Enock atanipiga."

"Ndiyo maana nakwenda na wewe. Akaseme mbele ya kaka zako ng'ombe ni wa nani. Ukingoja Jumamosi utamkuta kwenye ndoano."

Tukashika njia. Magoti yangu si ya kuteremka ukingo ule wa bonde, na ng'ombe naye alikuwa anakwenda kwa kujiuliza kila hatua. Kwenye kona kali dereva wa lori alitoa kichwa dirishani.

"Bibi, mnahama na maziwa kabisa?"

"Wewe shika usukani, usije ukatutangulia kwa kuviringika!"

Minza akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Tulilala kwa watu njiani, kesho yake tukafika.

Enock alitufuata na pikipiki yake, tope mpaka kwenye taa. Alifoka. Kaka mkubwa wa Minza akamngoja amalize, akamwuliza, "Shemeji, ng'ombe huyu uliletewa na baba yako?" Enock akageuza pikipiki. Aliondoka bila kuaga, na wala hakuguswa.

Isdori akapiga simu. Nyuma ya sauti yake mashine ya kukerezea ilikuwa inalia.

"Mama, umeniaibisha. Bosi anauliza mzigo wake."

"Mwambie ng'ombe hayupo."

"Nimepata wengine, mama, upande wa Laela." Akashusha sauti. "Ila ngozi yangu imetoka ngumu kama bati. Nakuhitaji wewe. Rudi nyumbani, tafadhali."

"Basi iwe ngumu," nikasema, nikakata. Ni mwanangu, na nilipomkumbuka alikuja akilini akipiga mluzi.

Ng'ombe mweupe alizaa asubuhi moja, kando ya zizi. Mama mtu alimlamba mwanawe mpaka akajikokota, akaanguka, akasimama tena. Minza alipiga vigelegele peke yake.

"Mguse, bibi! Huyu ni wa kwako."

Nikainama, nikamwekea kiganja mgongoni. Bado alikuwa na unyevu, joto linapanda. Na kabla sijafikiri neno lolote, mkono wangu ulikuwa umeshaanza kazi: unapima kutoka shingoni kwenda mkiani, unaona ngozi ni sawa kote, hakuna kovu, inatosha sahani moja na kipande kinabaki.

Niliuvuta mkono kama nimeshika kaa la moto.

"Vipi, amekupiga teke?" Minza aliuliza huku anacheka.

"Hapana, mwanangu. Nipe sabuni."

Akaniletea kipande na kopo la maji. Nilinawa mpaka kwenye viwiko, nikachukua na mchanga, nikasugua.