Sanamu Nyuma ya Madhabahu

Hekalu letu liko kando ya Ziwa Poyang, na ngazi zake za mawe zinashuka hadi majini. Zamani za wafalme, lilijengwa na wafanyabiashara wa magogo walionusurika dhoruba. Ndani walimweka Bibi wa Mawimbi, sanamu ya mti wa mkafuri, wenye harufu kali ya kafuri, na kila masika wanaume wanane humbeba hadi kwenye mashua ili ayabariki maji. Kila ukoo hutoa mtu mmoja, isipokuwa ukoo wa Qiu. Hao hawakuitwa kwa miaka mingi.

Mwaka 1966 walikuja vijana waliofunga vitambaa vyekundu mikononi, wakivunja kila kitu cha kale. Walimwamuru fundi seremala wetu, Qiu Dehou, amchome Bibi kwa mkono wake mwenyewe. Naye akamchoma, pale pale ngazini, kijiji kizima kikitazama. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsalimia. Alikufa miaka mitano baadaye bila kujitetea. Mwanawe Maolin, aliyekuwa na miaka minane siku ya moto ule, akarithi randa na aibu. Hekalu lilipofunguliwa tena, koo nyingine zilibeba kiti kitupu cha Bibi.

Mwaka juzi mvua iliulegeza ukuta wa nyuma ya madhabahu. Mimi ndiye mtunza funguo, kwa hiyo nilikuwepo Mzee Zhan, mkuu wa hekalu, alipolazimika kumwita Maolin, maana fundi mwingine hatukumpata.

"Fanya kazi yako, usiguse kingine," Mzee Zhan alimwambia.

"Niguse nini, Mzee? Si baba yangu alishamaliza?" Maolin akajibu, akaanza kutoa matofali.

Hazikupita dakika nyingi nikamsikia akiniita, "Dada Hua! Hebu njoo!"

Nyuma ya matofali kulikuwa na ukuta wa pili, na katikati nafasi ya kutosha mtu kusimama. Humo mlikuwa na kitu kimeviringishwa kwa koti la buluu. Maolin alipolifunua, harufu ya kafuri ilijaa ukumbini. Bibi wa Mawimbi alitutazama, mzima, hata kidole hakikumeguka.

Bi Ruan, ajuza wa miaka themanini na minane aliyekuwa akichoma ubani, akapiga kelele. "Nilijua! Siku ile nilisimama karibu na moto mpaka nyusi zikaungua, na sikunusa kafuri hata chembe!"

"Sasa kwa nini hukusema?" Mzee Zhan akauliza.

"Nilikuwa na mafua! Nikalaumu pua yangu."

Kumbe mzee Qiu alichonga sanamu ya pili kwa mti mwingine na kuchoma hiyo. Lakini Mzee Zhan alisita. "Tutajuaje ni yeye aliyemficha? Huenda ni mtu mwingine."

Maolin alikuwa amelishika lile koti, kidole chake kikipapasa kiraka kwenye mkono wa kushoto. "Hapa nilipatoboa mimi kwa kaa la moto," alisema. "Nilichapwa. Mama akashona. Baba akatuambia koti limepotea ziwani." Kisha akaketi sakafuni, akalia kama mtoto.

Mzee Zhan alitoka nje. Nikadhani amekasirika. Alirudi na kikombe cha chai ya kuombea radhi, akampa Maolin kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha.

"Baba yangu ndiye wa kwanza kumtemea baba yako mate," alisema. "Naomba unywe."

Maolin akakipokea kikombe. Kisha akanywa chote.

Masika yaliyofuata alibeba kiti cha Bibi upande wa mbele, ana miaka sitini lakini ana nguvu za kijana. Tulipofika ngazi ya mwisho akaanza kulalamika.

"Bibi amenenepa huko ukutani!"

"Beba, wewe!" Bi Ruan akamfokea. "Zamu zenu za miaka hamsini bado zinakungoja!"

Watu wakacheka, na mashua ikaondoka. Mke wa Maolin aliniambia kuwa jioni hiyo mumewe alipitiwa na usingizi kabla ya kuonja samaki, akalala hadi asubuhi bila kushtuka hata mara moja. Hakuwahi kumwona akilala hivyo tangu waoane.