Jina Kwenye Mstari wa Baba

Mogesi hakujaliwa mtoto wa kiume, basi akatoa mahari ya ng'ombe kumi na mmoja, akaoa. Ndiyo, akaoa. Wewe usiyejua mambo ya Wakuria, tulia kwanza. Mkewe, Damaris, alimzaa Mniko na bwana fulani ambaye hakutoa hata mbuzi, kwa hiyo mtoto alikuwa wa nyumba ya Mogesi, na baba yake alikuwa Mogesi. Kijijini hakuna aliyesumbuka na hilo.

Kilichowasumbua ni selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mniko, miaka sita tu, akishikwa na maumivu ya mifupa alilia mpaka sauti ikakauka.

Mwaka wa tisini na saba, mradi wa kitaifa wa kuchunguza damu na magonjwa ya kurithi ukafungua ofisi Migori. Magari mapya, mabango, hotuba ndefu kuhusu taifa, wee! Mtoto aliyesajiliwa angepewa dawa bure miaka mitano, ilmradi mama na baba nao watoe damu. Mogesi akanyoosha mkono wake, akatolewa. Karani akaandika jina lake kwenye mstari wa baba bila kuinua macho, maana wenzao wa ofisi ya Homa Bay walikuwa wameshajaza familia mia na wao wamebaki nyuma.

Miezi minne Mniko akacheza kama watoto wa watu. Mogesi alifurahi hadi akaona haya.

Kisha mashine za Nairobi zikagundua, kwa gharama kubwa, jambo ambalo kijiji kizima kingewaambia bure: baba ni mwanamke. Kwa Wakuria, mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mke, na watoto wa mke huyo huwa wake.

Daktari Orina, mkuu wa ofisi, akamwita Mogesi huku amefura kwa hasira. Akataka jina la yule bwana. Mogesi akakataa katakata, kwa sababu ukimtaja mwanamume leo, kesho anakuja kudai mtoto. Basi familia haijakamilika, akasema Orina, na akamfuta Mniko daftarini kwa wino mwekundu.

"Sawa," Mogesi akasema. "Nirudishie damu yake."

Daktari akakohoa kidogo. Akaeleza kwamba damu ilikuwa imeshapelekwa, na ilikuwa nzuri sana, ya maana kwa taifa.

"Kwa hiyo damu ni ya taifa, na mtoto ni wangu."

Mogesi akanyanyua kopo la dawa mezani, akalifunga ndani ya leso, akasema siku damu itakaporudi na dawa zitarudi. Akatoka. Askari wa langoni akamfungulia na kumtakia safari njema.