Ottilie Hakuvua Uhusika

"Kwa hiyo wewe ni tabibu wa kuungaunga," Marlys alimwambia Karlene siku ya kwanza, na wanawake wote waliokaa kwenye duara wakacheka.

Karlene naye alicheka, maana ilikuwa kweli. Vyuo vinavyofundisha tiba kwa maigizo vipo miji ya mbali, na mama mwenye mtoto wa miaka minne, anayepika shuleni asubuhi, hahami Duluth, mji wake wa kando ya ziwa, kirahisi. Shahada yake ya ushauri nasaha aliisoma jioni, mwanawe Elsie akiwa amelala miguuni pake. Iliyobaki ilikuwa njia mbadala: kozi moja hapa na nyingine mtandaoni, kiangazi jukwaani na kikundi cha mtaani, mazoezi na wagonjwa, na juu ya yote hayo mlezi, yaani tabibu mzoefu anayekutazama ukifanya kazi, na mwishowe anasimama mbele ya chama cha matabibu na kusema huyu anafaa, mwandikisheni. Bila mlezi, vipande vyako vyote vinabaki vipande.

Mlezi wake alikuwa Ottilie Brandvold. Upande ule wa jimbo hapakuwa na mwingine. Alikuwa mama mrefu, nywele kazikata kama askari, umri umeshapita sabini, chupa yake ya kahawa haimtoki mkononi. Kila wiki alikuwa akiendesha kikundi katika nyumba moja juu ya kilima, wanakokaa wanawake wanaoacha pombe, na Karlene alikuwa akienda naye.

Katika duara lile sheria kubwa ilikuwa moja. Mtu akikuomba umwigizie mama yake, au mumewe, au nafsi yake ya zamani, unavaa kitu kutoka kwenye sanduku: kitambaa, miwani, koti. Mkimaliza, unakivua, unakiweka sakafuni, unasema jina lako na jambo moja lako mwenyewe la asubuhi ile. Mimi ni Ottilie, asubuhi nimekula yai. Hapo umevua uhusika. Usipovua, unaondoka na mama wa watu mabegani, na yeye aliyekuomba atakuwa anakutazama kwa macho aliyomtazamia mama yake. Hata Elsie aliijua sheria hiyo. Kabla ya kulala alikuwa akiweka mkia wake wa soksi chini ya kitanda na kutangaza, "Mimi siyo simba. Mimi ni Elsie. Nimekula ndizi." Ndipo alipokubali kufunikwa blanketi.

Msimu wa majani kuanguka, wakifanya mazoezi wawili tu, Ottilie aliigiza mlevi, na ulipofika wakati wa kuvua, akagoma. Alikaa na kitambaa chake kichwani, akamtukana Karlene, kisha akanyamaza, akakodoa macho. Karlene alihimili kidogo, halafu akamrukia na kumshika bega. "Ottilie? Uko sawa?"

Ottilie alikivua kile kitambaa papo hapo. "Unaona ulichofanya?"

"Niliogopa."

"Najua uliogopa, mwanangu, hata jirani kajua. Mgonjwa akigoma kuvua, humrukii. Unakaa ulipo. Unarudia maneno yale yale, polepole, unamsubiri. Hofu yako ndiyo inayomfungia mlango. Siku moja nitakujaribu tena, na sitakwambia ni lini."

Maneno hayo Karlene aliyaweka moyoni kama mtu anavyoweka ufunguo wa nyumba.

Mwezi wa Februari, ziwa likiwa limeganda hadi upeo wa macho, Ottilie alisema safari hii Karlene ataongoza peke yake. "Mimi nitatazama tu. Ukiongoza vizuri, majira ya majani kuchipua nakusemea kwa chama." Karlene hakulala vizuri usiku huo. Asubuhi alimsuka Elsie nywele mara mbili, maana ya kwanza alisuka upande mmoja tu.

Siku ile Marlys alitaka kuzungumza na baba yake. Marlys alikuwa na miaka hamsini na kitu, mdomo mchafu, moyo mwepesi kuliko alivyopenda ijulikane. Baba yake alikuwa akipakia madini melini, gatini chini ya kilima, na alikufa bila kumwambia binti yake maneno yanayofika kurasa mbili.

"Namtaka mwalimu," alisema akimwonyesha Ottilie kwa kidole. "Ana sura ya mzee wangu. Samahani, mwalimu."

"Nimeshaitwa vibaya zaidi," Ottilie alijibu, akavaa kofia ya sufu kutoka kwenye sanduku, akaketi, mikono juu ya magoti. Mabega yakamshuka. Chumba kizima kikamwona mzee.

"Baba, nimekuja," Marlys alianza. "Jumamosi zote nilikuletea chakula gatini. Unachukua kopo, unageuka. Hata asante."

"Chakula kilikuwa kizuri," mzee alisema kwa sauti nzito.

"Sasa ndiyo unasema." Marlys alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Nilipojifungua hukuja. Hospitali iko mtaa wa pili kutoka kwako. Kwa nini hukuja?"

Ottilie alifungua mdomo, akaufumba. Macho yakatulia mahali pamoja ukutani. Pembe moja ya mdomo ikashuka, taratibu, kama pazia lililotoka kwenye msumari.

"Hivyo hivyo," Marlys alinong'ona. "Alikuwa anafanya mdomo hivyo hivyo." Akaanza kulia, na wengine wakalia naye.

Karlene alisimama kando. Haya ndiyo aliyosoma habari zake miaka yote, usiku, na chai imepoa. Hakukatiza. Alimwacha Marlys aseme yote, ya mtoto, ya mazishi, ya chupa ya kwanza, huku mzee akimkodolea macho bila jibu, hadi Marlys mwenyewe alipofuta pua na kusema, "Basi. Nimemaliza naye."

"Haya," Karlene alisema. "Vua kofia, iweke chini, sema jina lako."

Ottilie hakuvua.

"Mzee mkaidi huyo," Marlys alisema. "Hata kufa aligoma, walimwitia padri mara mbili."

Walicheka. Karlene hakusogea. Leo, aliwaza. Kumbe ameichagua leo kunijaribu. Akarudia maneno yale yale, polepole. Mkono wa kushoto wa Ottilie uliinuka kuelekea kofia, ukaishia njiani. Wa kulia ulilala pajani kama glavu iliyosahauliwa. Sauti ikamtoka, siyo neno.

"Chukua muda wako," Karlene alimwambia, kwa sauti ile aliyofundishwa, isiyo na hofu. Alijisikia fahari kidogo. Akangoja. Akarudia tena. Akangoja tena, na wanawake wakangoja naye, kimya, kwa heshima, mpaka Ottilie alipoegemea upande wa kulia kama gunia linaloteleza, na kofia ikaanguka yenyewe.

Kule hospitali daktari kijana alimuuliza Karlene swali moja tu, akalirudia. "Kiharusi kilianza saa ngapi? Kuna dawa, lakini lazima nijue kilianza lini."

Karlene aliitazama saa ya ukutani. Alijua saa waliyoanza na saa waliyopiga simu. Katikati ya hapo hakujua mzee aliishia wapi, na Ottilie alianzia wapi.

"Alikuwa anaigiza," alisema.

"Anaigiza nini?"

"Mtu asiyejibu."

Ottilie hakufa. Wiki zilizofuata walimhamishia wodi ya mazoezi ya viungo, mkono wa kulia haufanyi kazi, maneno hayapo. Anaelewa kila kitu, wauguzi walisema, ila kutamka hawezi. Marlys naye aliondoka kwenye ile nyumba siku ya pili baada ya kiharusi, akiwaambia wenzake kwamba baba yake alikuja kweli na kumwingia mwalimu, na kwamba aliyemwita ni yeye Marlys. Walimkuta nyuma ya duka la pombe. Vidole viwili vya mkono wake vilikuwa vimeliwa na baridi.

Karlene alimpigia simu mlezi mwingine wa Minneapolis, mji mkubwa wa kusini, mzee mmoja aitwaye Royce Abernethy. Alimweleza yote, hakuacha kitu. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Sihitaji barua yake ya kukusemea," alisema. "Brandvold namfahamu. Anaweza kuitikia kwa kichwa?"

"Anaweza."

"Basi muulize kama uko tayari. Akisema ndiyo, nakupokea pale ulipoishia, na mwaka huu unaandikishwa. Akisema hapana, tunaanza upya na mimi. Miaka miwili, labda zaidi. Utakaloniambia nitaliamini."

Jumapili Karlene alimwacha Elsie kwa jirani, akampitia Marlys. Marlys aliingia garini mkono umefungwa bendeji, na kofia ya sufu ikichungulia mfukoni.

"Niliiiba," alisema. "Usinitazame hivyo."

Ottilie alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Nusu ya uso wake ilikuwa Ottilie. Nusu nyingine ilibaki vile ilivyokuwa siku ile. Marlys alisimama mlangoni, hakuingia.

"Nikimtazama namwona mzee," alisema. "Siwezi, dada. Bado yumo."

Karlene alipiga magoti mbele ya kiti. "Ottilie, hatukumaliza. Tumalize?"

Ottilie aliitikia kwa kichwa.

Marlys akasogea, akamvika ile kofia kwa mkono wake mzima, akarudi nyuma haraka. Karlene akayarudia maneno yale yale. "Vua kofia, iweke chini, sema jina lako."

Ilichukua muda. Mkono wa kushoto ulipanda, ukashika sufu, ukavuta, ukaiachia sakafuni. Kisha mdomo ukaanza kutafuta. Ukatafuta sana. Jasho likamtoka Ottilie kwenye paji la uso, na hakikutoka kitu.

"Yeye ni Ottilie Brandvold," Marlys alisema kwa nguvu, kama anayemtolea mtu ushahidi. "Asubuhi amekula uji. Nauona kwenye kola."

Nusu ya mdomo wa Ottilie ilicheka. Marlys akaenda kumfuta kola kwa kiganja. "Na mzee wangu amekufa," alisema, akiendelea kufuta pasipo na kitu. "Amekufa na hajasema kitu." Halafu akasema anakwenda kutafuta kahawa, akatoka.

Wakabaki wawili. Karlene alikuwa ameyapanga maneno garini, yakampotea.

"Kuna mlezi Minneapolis," alisema. "Anataka kujua kama niko tayari. Nimekuja kukuuliza."

Ottilie alimtazama muda mrefu. Alinyoosha mkono wa kushoto, akashika mkono wa Karlene, akaubana kwa nguvu. Kisha akatikisa kichwa. Hapana.

"Kwa sababu siku ile sikukuona?"

Ndiyo. Macho yakamjaa maji, lakini hakuuachia mkono.

Kwenye ukumbi Marlys alikuwa amekumbatia kikombe kwa viganja, vidole vilivyofungwa vikiwa vimeinuliwa. "Amesemaje?" aliuliza, maana garini alishaelezwa yote.

"Amekataa."

"Mwambie huyo mzee wako amekubali. Nani atajua? Huyu hawezi kusema."

Karlene alipiga simu akiwa amesimama hapo hapo, kabla miguu haijabadili mawazo. Simu ilipokelewa upesi.

"Amekataa," alisema.

"Una hakika alilielewa swali? Wakati mwingine wanachanganya ndiyo na hapana."

Hapo palikuwa na mlango mwingine, na mzee alikuwa amemfungulia kwa huruma. Karlene aliutazama. Aliwaza miaka miwili ya kuamka gizani na kuchota viazi vya watoto wa watu, barabara ya kusini yenye barafu, Elsie kulala kwa jirani.

"Alielewa," alisema. "Na mimi nimemwelewa."

Zikasikika kurasa zikifunuliwa. "Alhamisi jioni unaweza?"

"Sina wa kumwachia mtoto."

"Njoo naye."

Alipokata simu alirudi chumbani, maana kofia ilikuwa bado sakafuni. Ottilie alikuwa amesinzia, kichwa kimeegemea upande mzima. Karlene aliiokota kofia, akasimama akimtazama mdomo na mkono na kifua, akasubiri mpaka alipokiona kikipanda na kushuka, mara kadhaa, ndipo akatoka.