Toti Tatu za Gillespie Currie

Torquil MacAffer hakuwa amevuka lango la kiwanda kile cha wiski kwa miaka thelathini na sita. Alilipita akalitemea mate, na mwaka wa mgomo alilifunga kwa mnyororo na kufuli alilolinunua mwenyewe, ila kulivuka, hapana. Hata sasa, mzee wa miaka sabini na moja, akiendesha basi dogo la mpwa wake kuwatembeza wageni wanaokuja kisiwa cha Islay kwa ajili ya wiski, aliwashusha langoni, akageuza gari, akakaa humo na chai yake mpaka watoke wamewiva mashavu.

Wageni wa siku ile walikuwa saba, kila mmoja na karatasi mkononi: mambo tisa ya kufanya kisiwani. Chimba tofali la udongo mweusi wa kinamasini, ule unaokaushwa na kuchomwa kama kuni. Kula chaza aliyemiminiwa wiski. Geuza shayiri kwa koleo la mti. Chungulia pipa linalochacha. Kunywa kwa pembe kama wafanyakazi wa zamani. Yote hayo Torquil alikwisha kuyafanya, tofauti ni kwamba yeye aliyafanya kwa kuamriwa, mgongo ukiuma, na hakuna mtu aliyempiga picha.

Mvua ilikuwa inapiga kwa ubavu. Mama mmoja Mjerumani, Gudrun, mwenye goti bovu na fimbo, alitazama vile vijiwe vilivyolowa vya uani, akamtazama dereva, akamwomba mkono. Utamwambia nini mtu kama huyo? Kwamba una ugomvi na lango? Torquil akateremka, akampa mkono, akavuka.

Mlangoni alisimama mwongoza wageni, Marsaili Currie, binti wa miaka ishirini na sita, nywele amezifunga kwa kitambaa chenye nembo ya kiwanda. Kisiwani kila mtu anamjua kila mtu, lakini huyu binti, Torquil alikuwa na desturi ya kumpisha barabarani, avuke yeye upande wa pili.

"Babu Torquil ndani ya kiwanda," alisema Marsaili. "Leo mitungi ya pombe itapasuka."

"Nimemsindikiza mama huyu tu."

"Basi ingia, na kuta usizitukane. Zimepakwa rangi juzi."

Wakaingia. Kwenye sakafu ya shayiri wageni walipewa makoleo, wakageuza nafaka mara nne mara tano, wakacheka, wakarudisha. Harufu ilikuwa ileile, ya uji mtamu na moshi. Torquil alihisi magoti yake yanaijua njia kuliko yeye. Wakapanda ngazi za chuma mpaka kwenye ukumbi wa mapipa.

Mapipa yale ni ya mbao, kila moja refu kama nyumba ya ghorofa moja na nusu, na ukiwa juu unaona midomo yake tu, yenye vifuniko. Humo hamira inakula sukari ya shayiri na kutoa hewa nzito isiyoonekana. Marsaili aliinua kifuniko, akawaambia wachungulie na kuvuta pumzi. Walivuta, wakaruka nyuma kama waliopigwa kofi puani, machozi yakawatoka, wakachekana. Jambo la saba kwenye karatasi likawa limekwisha.

Ndipo akawasimulia kisa cha pipa namba tano.

Hapo zamani, alisema, palikuwa na mfanyakazi akiitwa Gillespie, aliyependa pombe kama ndama anavyopenda kiwele. Siku hizo msimamizi alimgawia kila mtu toti tatu kwa siku, pombe mbichi nyeupe kutoka mtunguni, kwa pembe ya ng'ombe. Sasa Gillespie alikunywa zake tatu, zikamwisha, akaona pipa namba tano liko wazi na tupu, akaingia kutafuta ya nne. Walimkuta amelala chali chini, anatabasamu. Na tangu siku hiyo pipa hilo huchacha upesi kuliko wenzake.

Wageni wakacheka sana. Marsaili akatoa pembe, akaimiminia pombe kutoka kwenye dumu la shaba, na kila mmoja alipoipokea alitakiwa kusema: "Gillespie, sogea kidogo," kisha ameze kwa mkupuo mmoja. Mmoja alisema, akameza, akakohoa. Wa pili akasema. Mama Gudrun, amemshika Torquil mkono, naye akasema.

Torquil alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu. Kwamba kampuni ilimwita marehemu Gillespie mlevi, hilo alilijua tangu mwaka wa sabini na nne. Lilisemwa mbele ya baraza la uchunguzi na kuandikwa. Lakini kwamba jina lile lilifanywa mzaha wa kuuzia pembe, mara nne kwa siku, majira yote ya kiangazi, hilo hakulijua, kwa sababu alikaa garini akinywa chai. Na kwamba kinywa kilichopewa kazi ya kuusema mzaha huo ni kinywa cha Currie!

Alimwita pembeni kwa Kigaeli, lugha ya kisiwani, wageni wasielewe. "Mtoto, huyo ni babu yako mzaa baba."

"Namjua ni nani." Marsaili hakuacha kumimina. "Shuleni waliniita Pipa. Miaka saba. Mwalimu mwenyewe aliwahi kuteleza akaniita hivyo. Nikaona heri nimcheke mimi, tena kwa mshahara."

"Hakuwa mlevi."

"Msimamizi aliapa."

"Msimamizi alikuwa mbwa wa kampuni."

"Mbwa au si mbwa, alisema alimwona akipokea pembe tatu na kuzitia kinywani, ya mwisho dakika kumi kabla hajaingia pipani. Wanaume kumi na mmoja walikuwa kwenye foleni ile. Hakuna hata mmoja aliyesimama kusema si kweli." Sasa akaweka dumu chini. "Na wewe, babu. Kila Mei Mosi unasimama pale langoni unapiga kelele za mshumaa. Mshumaa, mshumaa, tangu sijazaliwa. Sijawahi kukusikia ukisema hakunywa. Leo imekuwaje?"

Habari ya mshumaa ilikuwa ya kweli, na hapa ni lazima isemwe wazi, maana wenye viwanda wana wino mwingi wa kufutia. Kabla mtu hajaingia pipa tupu kulisugua, hushushwa mshumaa kwa kamba. Ukizimika, ile hewa ingali chini, na anayeshuka hapandi. Husubiriwa nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Siku ile ya Novemba kampuni ilikuwa imechelewa na shehena, na msimamizi akasema hakuna kusubiri, shuka. Gillespie, miaka thelathini na mbili, mke na mtoto mmoja, akashuka na ufagio. Pombe isingemwua wala kumwokoa. Lakini mfu akiwa mlevi, mshumaa hauulizwi. Hivyo ndivyo walivyoshinda.

Torquil alifungua kinywa kuyasema hayo ya mshumaa, kama alivyoyasema mara mia. Marsaili akamkata.

"Usinihutubie. Nimekuuliza alikunywa au hakunywa."

"Hakunywa."

"Umejuaje?"

Wageni walikwisha kuona kwamba kuna jambo. Pembe ilikuwa imesimama mkononi mwa kijana mmoja, haijanywewa.

"Sema," alisema Marsaili, "tena sema kwa Kiingereza. Hawa wamemcheka. Wasikie."

Akasema. Mtu aliyewahi kutikisa ukumbi wa chama cha wafanyakazi bila kipaza sauti alisema kwa sauti ya mtu anayeagiza mkate.

Gillespie, alisema, aliacha pombe siku alipomzika baba yake, akaapa kanisani. Toti haikuruhusiwa kupewa mwenzio wala kutolewa nje. Uliinywa mbele ya msimamizi au uliikosa. Na yeye Torquil, wakati huo kijana wa miaka ishirini na sita, hazikumtosha tatu. Mikono ilimtetemeka ifikapo saa nne asubuhi. Akamsihi Gillespie. Akamsihi wiki nzima, mpaka rafiki yake akamhurumia. Basi Gillespie akawa anapanga foleni, anapokea pembe, anaitia kinywani mbele ya msimamizi, anafumba midomo, anatembea taratibu mpaka nyuma ya chumba cha boila. Huko Torquil alimngoja na kikopo cha haradali.

"Anaitema humo," alisema. "Mara tatu kwa siku. Mwaka na miezi minne. Hakumeza hata tone. Alikuwa akisukutua kwa maji baadaye, anarudi kazini."

Yule kijana akaishusha pembe.

"Na siku ile?" aliuliza Marsaili.

"Siku ile pia. Nilikuwa nyuma ya boila. Kengele ya hatari ilipolia nilikuwa bado ninainywa. Ilikuwa ingali na joto la kinywa chake."

Mama Gudrun aliutoa mkono wake kwenye mkono wa Torquil. Aliutoa polepole, kwa adabu, akajishikiza kwenye reli ya chuma.

Torquil akaendelea mwenyewe, maana kilichozibuka hakizibiki. Kwamba kukiri kungemfukuzisha kazi siku hiyohiyo, na nyumba za wafanyakazi zilikuwa za kampuni. Kwamba alijiambia atasema kesho, kisha atasema barazani, kisha barazani alikaa benchi la tatu akatazama viatu vyake. Kwamba ndiyo sababu aliingia chama, akapigania mshumaa miaka tisa hadi ukawa sheria ya kiwanda, hadi wakamfukuza kwa mgomo.

"Na mkewe, Bibi Flora, alijua?" aliuliza Marsaili.

"Aliniuliza. Siku ya mazishi, mlangoni pa kanisa. Alisema, Torquil, wewe ulikuwa naye zamu moja, mume wangu alirudia pombe? Nikamwambia sijui."

Marsaili alikuwa ameshika ukingo wa pipa. Bibi yake alitolewa kwenye nyumba ya kampuni wiki ya sita baada ya mazishi, bila pensheni, kwa kuwa mjane wa mlevi hana haki. Aliosha vyumba vya hoteli mpaka umri wa miaka sitini na tisa, na hakuna siku aliyolitaja jina la mumewe. Mjukuu alidhani ni aibu ya ulevi. Kumbe mwanamke yule alikufa akiamini kwamba mume alimdanganya, kwamba kile kiapo cha kanisani kilikuwa upuuzi.

"Nilikuwa nampelekea udongo wa kuchoma," alisema Torquil. "Magunia kumi kila msimu wa baridi. Nayaacha mlangoni kabla hajaamka."

"Yalikuwa yako?"

"Yangu."

"Alilishukuru kanisa," alisema Marsaili. "Kila Jumapili, miaka yote ile, alilishukuru kanisa." Akacheka kidogo, cheko kavu lisilokuwa na mtu ndani yake. Kisha akaichukua ile pembe mkononi mwa kijana wa watu, akaimwaga kwenye mfereji wa sakafuni.

Torquil alianza kusema kwamba amesamehewa au hajasamehewa ni sawa kwake, kwamba yeye anataka tu kampuni iubomoe ule mzaha, kwamba ataandika barua, ataitisha mkutano. Alikuwa anajua kuitisha mikutano.

"Hakuna mkutano," alisema Marsaili. "Kuna kundi jingine saa nane. Wahispania, watu ishirini na wawili. Wapeleke hawa wakale chaza wao, kisha urudi."

"Nirudi nifanye nini?"

"Usimame hapo uliposimama."

"Watakufukuza, binti."

"Hilo ni langu."

Akawapeleka. Njiani hakuna aliyetoa karatasi yake. Mama Gudrun alikaa kiti cha nyuma kabisa. Saa nane na nusu basi likarudi tupu, na Torquil akavuka lango mara ya pili kwa siku moja, safari hii bila kumshika mtu mkono.

Wahispania walikwisha kuchungulia, kuruka nyuma na kufuta machozi. Dumu la shaba halikuwepo. Marsaili alikirudisha kifuniko cha pipa namba tano, akaweka kiganja juu yake.

"Hapa alikufa babu yangu, Gillespie Currie," alisema, "kwa sababu kampuni haikutaka kusubiri nusu saa. Walisema alikuwa mlevi. Hakuwahi kumeza toti hata moja. Aliyekuwa akizimeza ni huyu."

Watu ishirini na wawili wakageuka. Torquil MacAffer, msemaji wa mikutano mia, alifungua kinywa, na sauti haikutoka. Alimtazama Marsaili amsaidie neno la kwanza.

Marsaili hakumsaidia. Alingoja.