Madoa Arobaini na Moja

Nyumbani walimwita Pilipili, na siku hiyo alilistahili jina lake. Alipanda ngazi za jengo walimokodi chumba cha kazi yeye na mdogo wake, ghorofa tatu, mkoba begani, na kila ngazi aliipangia tusi jipya. Mama yao alikuwa amempigia simu saa nne asubuhi kumwambia kwamba baba amezima kompyuta, amerudi kitandani na amegeukia ukutani. Maneno hayo Pilipili aliyajua. Ndiyo aliyoyasikia miezi saba mfululizo baada ya baba kustaafishwa.

Baba alikuwa mpima ardhi. Miaka thelathini na moja alitembea na utepe wa kupimia na daftari, hadi ofisi ilipomwandikia barua kwamba picha za angani zinatosha. Akalala. Hakuumwa popote, alilala tu. Aliyemwinua ni Pilipili, na wala hakumwinua kwa dawa. Alimwekea mchezo wa kompyuta ambao kazi yake ni kutembea na kujenga, pamoja na nyongeza waliyoitengeneza yeye na mdogo wake. Nyongeza hiyo ndiyo inayoiumba ardhi ya mchezo: jangwa hapa, msitu pale, kinamasi kule, mpaka macho yachoke. Mzee akatazama, akauliza ni nani aliyepima huku. Akaambiwa hakuna. Kesho yake aliamka saa kumi na mbili, akanyoa ndevu.

Kwa miaka miwili aliupima ulimwengu ule hatua kwa hatua. Na kwa kuwa jangwani hakuna pa kushikia vipimo, alishikia madoa, yaani vile vipande vidogo ambavyo nyongeza ilividondosha njiani kwa makosa: kidimbwi cha miraba sita katikati ya mchanga, miti mitatu isiyo na msitu. Kila doa alilijengea jiwe la alama na kulipa namba. Yalifika arobaini na moja. Ramani yake, karatasi nane zilizounganishwa kwa gundi, ilifunika ukuta mzima wa sebule, na mama alishakata tamaa ya kuirudisha picha ya harusi mahali pake.

Sasa tuje kwa huyo mdogo mtu. Walimwita Injinia, maana alifungua redio ya nyumbani akiwa na miaka saba na haijafungika hadi leo. Wachezaji walioitumia nyongeza yao walikuwa wakilalamika kwamba yale madoa ni uchafu, na kwa mtu anayetaka jangwa liwe jangwa, walikuwa na haki yao. Injinia akaandika usafishaji mpya: kipande chochote chini ya miraba sitini na nne kimezwe na jirani yake mkubwa, pamoja na kila kilicho juu yake. Ilibaki kuujaribu kwenye ulimwengu mkubwa, wa zamani, uliotembelewa pembe zote, na ulimwengu wa namna hiyo aliujua mmoja tu. Jana yake, Jumapili, alipokwenda kuwasalimu wazazi, alikaa kwenye kompyuta ya baba wakati mzee anaoga. Akaendesha usafishaji dakika nne, akahifadhi, akanywa chai, akaaga. Nakala ya ule wa zamani hakuweka. Mtu anayekula kwa kompyuta, jamani, hakuweka nakala.

Pilipili alimkuta anatafuna karanga mbele ya skrini.

"Umesafisha nini kwa baba?" akamuuliza, mkono bado uko kwenye kitasa.

Injinia akageuka, uso umemchangamka. Akamweleza kwamba mambo yamekwenda vizuri mno, vipande arobaini na vitatu vimemezwa bila hata kimoja kukwama, na saa nane mchana anautoa usafishaji huo kwa wachezaji wote.

"Arobaini na kimoja kati ya hivyo ni alama za baba."

"Dada, yale ni madoa tu."

"Mtoto wa mpima ardhi unang'oa mawe ya alama. Hata mwizi wa viwanja ana haya kuliko wewe."

Injinia akajitetea. Ardhi inarudishika, alisema. Kila ulimwengu wa mchezo huzaliwa na namba yake, na ile ya baba ikiingizwa upya kwenye nyongeza ya zamani, kila kidimbwi kitatokea palepale kilipokuwa. Pilipili akamuuliza, na mawe je? Hapo kijana akaacha kutafuna. Mawe yalijengwa na mtu, na kilichojengwa na mtu hakimo ndani ya namba.

Pilipili akamsukuma kando pamoja na kiti chake cha ofisini chenye magurudumu, akaisoma kazi yenyewe. Ilikuwa nzuri, na hilo likamzidishia hasira, kwani ingekuwa mbovu angalau angepata pa kucheka. Swali moja tu halikuwemo: je, kuna mtu aliyepita hapa? Akaliandika. Kipande kilichokanyagwa na mtu, au kilichowekwa hata jiwe moja, kisiguswe kamwe, kiwe kikubwa au kidogo. Mistari kumi na miwili, dakika ishirini. Dakika ishirini ndizo zilizomshinda huyu bwana mkubwa kumfanyia baba yake mzazi.

"Inuka," akamwambia. "Tunakwenda nyumbani."



Mzee hakuwa kitandani tena. Walimkuta sebuleni, ukuta uko wazi, ramani imetandazwa juu ya meza ya kulia chakula. Kwa wino mwekundu, toka pembe hadi pembe, alikuwa ameandika IMEFUTWA, na chini yake sahihi, tarehe na cheo chake cha zamani. Ndivyo walivyofanya ofisini kwa ramani isiyolingana tena na ardhi, asije mtu akaitegemea akapotea.

Pilipili akaanza kueleza habari ya namba na vidimbwi vinavyoweza kurudi. Mzee akainua kidole kumnyamazisha.

"Ramani iliyofutwa haifufuliwi," alisema.

Injinia akasogea mezani. "Baba, nisamehe. Nilidhani unacheza tu."

Pilipili alitamani amzabe kofi, mtu mzima na ndevu zake, mbele ya mama yao aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Mzee hakupandisha sauti.

"Na ofisini walidhani hivyohivyo," akasema. "Lakini wao waliniandikia barua kwanza."

Akaisukuma kalamu nyekundu upande wa pili wa meza. Ramani haifutwi na mtu mmoja, alieleza, kama aliyekuwa akimfundisha karani mgeni. Aliyesababisha ifutwe naye huweka mkono wake.

Injinia akaweka sahihi.

"Tarehe," mzee akasema. Kijana akaandika tarehe.

"Cheo."

Injinia akamtazama dada yake, kama alivyozoea tangu utotoni kila alipokwama. Safari hii Pilipili hakumsaidia. Kijana akainama, akaandika: mtoto.