Uzi wa Kivuli cha Bibi Stoyna

Bibi Stoyna alikataa kutia sahihi mara tatu, na mara ya tatu alinikatalia nikiwa nimeshika sahani ya pai ya jibini niliyomwokea mwenyewe. Pai aliichukua.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu: kumshusha mama yangu. Anaishi ghorofa ya sita mjini Pleven, magoti yamekwisha, lifti ni ya kubahatisha, na tangu Krismasi hajakanyaga ardhi. Huku Lovech tuna kiwanja cha babu, chembamba kama mkanda, chenye nyumba ya udongo iliyokwisha anguka. Nilichora nyumba mpya isiyo na ngazi hata moja, mama aingie kabla ya theluji. Lakini kwa ule wembamba, nyumba ingekaribia mno mpaka, na manispaa haikutaka kusikia habari ya kibali bila sahihi ya jirani. Jirani ndiye Bibi Stoyna, miaka themanini na miwili, mdomo haujazeeka hata siku moja.

"Nyumba yako itaumeza mzabibu wangu," aliniambia. "Jua lote mtaota nyinyi, mimi nibaki na ukungu."

"Bibi, nyumba yenyewe ya chini, haina ghorofa."

"Hata kaburi ni la chini."

Basi nikaamua nitamwonyesha kwa macho yake. Mimi ni mkemia wa kiwanda cha maziwa. Kitu nikishaanza kukipima sikiachi. Siku moja ya Aprili, saa sita mchana, mimi na fundi Genadi tulisimamisha mlingoti wenye kimo cha paa langu, pale pale nyumba itakapokaa. Kisha tukatandika uzi juu ya kivuli chake, ukavuka uzio hadi uani kwa bibi. Kivuli kiliishia hatua mbili kabla ya mzabibu. Nilifurahi kama mtoto. Genadi akapiga fundo kuweka alama.

Tatizo ni kwamba bibi alikuwa ametoka kutazama, akasimama kando ya uzi, na kivuli cha kichwa chake kiliishia hapo hapo kwenye fundo. Genadi, ambaye akili yake yote iko mikononi, akacheka. "Bibi, na wewe nimekupima humo humo."

Kwetu mtu hapimwi kivuli. Mafundi wa zamani, inasemekana, walikipima kivuli cha mpita njia kwa uzi, wakauzika uzi ule kwenye msingi ili nyumba isimame, na mwenye kivuli hakumaliza siku arobaini. Genadi anajua, mimi najua, mtoto wa chekechea anajua. Bibi Stoyna alijiondoa kando ya uzi. Aliingia ndani akafunga madirisha.

Kesho yake bomba lake halikutoa moshi. Wala kesho kutwa. Nilimkasirikia Genadi, nikamkasirikia bibi, halafu nikajikasirikia mwenyewe, kwa sababu uzi ule ulikuwa mfukoni mwangu na mimi, mkemia mzima, sikuthubutu kuutupa wala kuuchoma.

Nikampigia mama simu. "Mpelekee," akasema. "Umtie mkononi. Kama hutaki, niache huku huku juu."

Nilimkuta bibi kitandani, nguo zake za kuzikiwa zimetandazwa kwenye kiti, zimepigwa pasi. Aliutazama uzi, asiuguse.

"Fungua fundo," akasema. "Wewe mwenyewe. Na kisu sitaki."

Fundo la Genadi lilikuwa la kufungia jukwaa la wajenzi. Nilihangaika nalo kwa kucha, nikahangaika nalo kwa meno, naye ananitazama tu. Mwishowe akaanza kusema.

"Mchoro wako niliuona. Pale mpakani umeweka ukuta wa zege, mita mbili."

"Ni ukuta tu, bibi, kila mtu anajenga."

"Mimi na mama yako, alipokuwa akiishi hapa, tulikuwa na kijilango kwenye uzio. Chumvi ilipita pale, mayai yalipita, wewe mwenyewe ulipita na kamasi zako. Sasa nikianguka huku nyuma ya zege lako, nani ataona bomba langu halina moshi?"

Miezi miwili mizima nilikuwa nabishana naye juu ya jua, kumbe jua lilikuwa kisingizio. Niliona aibu, na nikamwambia hivyo. Fundo likaachia, nikamtia uzi mkononi. Nikatoa mchoro mfukoni, nikaomba kalamu, nikaufuta ule ukuta wote, nikachora uzio wa mbao na kijilango mkabala na jiko la mama.

"Kipanue," akasema. "Mama yako anatembelea mkongojo."

Wiki ile ile alitia sahihi mbele ya mthibitishaji wa hati, amevaa kitambaa kipya cha kichwa. Kibali nacho kikatoka baada ya wiki tatu, mtaro wa msingi ukachimbwa, saruji ikafika. Nilitakiwa kumwaga msingi siku ile ile. Sikumwaga. Nilimwambia mama, na mtaa mzima, kwamba saruji imechelewa, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilipita kuchungulia bomba la jirani.

Siku ya arobaini na moja nilimkuta amesimama kwenye kijilango, ambacho Genadi alikuwa ameshakitengeneza na bibi alikifunga kwa ule uzi badala ya komeo.

"Saruji haikuchelewa," akasema. "Genadi kanieleza. Iko chini ya turubai wiki mbili sasa. Ulikuwa unahesabu."

"Mimi? Sikuhesabu, bibi."

"Muongo. Mimi nilihesabu, na leo nimeamka na njaa. Mwaga huo msingi, mama yako ashuke."

Nikampigia Genadi simu. Hata hajapokea, bibi alikuwa ameshafungua uzi na kuvuka kuja upande wetu. Akauzunguka mtaro wa msingi polepole, akachagua pa kusimama, mahali ambapo kivuli chake hakiugusi.