Mabakuli ya Mdomo Mnene

Mtaani walimwita Fundi Mdomo, naye alijivunia jina hilo akidhani ni kwa ajili ya mdomo mnene wa mabakuli yake. Kwamba alikuwa pia mwongeaji wa kutupwa, hayo tuyaache. Kazi yake ilikuwa kukereza mbao. Alifunga kipande cha mti kwenye mashine, kikazunguka, akakichimba kwa patasi mpaka likatoka bakuli la kulia chakula.

"Mimi sitengenezi mapambo," alipenda kusema. "Nyumbani kwangu tunakulia haya haya, kila siku ya Mungu."

Siku moja alikuja karakanani mpishi wa shule, mwanamke asiyebabaishwa na maneno matamu. Alitaka mabakuli ya watoto wa shule nzima.

"Nionyeshe lililokwisha kutumika," alisema. "Jipya kila fundi analo."

"Hilo tu? Kaa hapo, nakuletea la binti yangu. Analo tangu aachishwe ziwa."

Akashika njia kwenda nyumbani, saa ya chakula cha mchana, saa ambayo hakuwahi kurudi. Alizoea kufika jioni, mkewe na binti wameshakula.

Mlango ulikuwa wazi. Mkewe na binti yao, sasa msichana mkubwa, walikuwa mezani, kila mmoja ameinua bakuli la plastiki anakunywa mchuzi. Binti ndiye aliyemwona kwanza. Akateremsha bakuli lake polepole, akalifunika kwa kiganja, utadhani plastiki ya bluu inafichika.

"Karibu, baba," alisema.

Alipitiliza jikoni, kwenye kichanja cha vyombo. Hapo ndipo kila jioni alipoyakuta mabakuli ya mti yamepangwa, yanachuruzika maji, na roho yake ikatulia kwamba watu wake wamekula vizuri. Sasa yalikuwa makavu. Akachukua lake: limeiva weusi, laini, limekunywa mafuta ya chakula miaka nenda rudi. Akachukua la binti. Lilikuwa jeupe karibu kama siku lilipotoka kwenye mashine, na alipopitisha kidole ndani alikuta mikwaruzo ya msasa wake mwenyewe. Siku chache alizoshinda nyumbani, sasa alikumbuka, haukupikwa mchuzi hata mara moja.

Akageuka na mabakuli mawili mikononi.

"Kila jioni nayakuta yamelowa," alisema. "Nani anayalowesha?"

"Mimi." Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. "Kabla hujaingia."

"Miaka yote hii?"

"Mdomo wa mabakuli yako mnene mno, baba watoto. Mtu akiinua anywe, mchuzi unamshuka kidevuni mpaka kifuani. Wewe unakula kwa kijiko, hujui. Nilikwambia mwanzoni kabisa. Ukaninunia mpaka nikaomba msamaha, na kosa langu silijui."

Kununa alikukumbuka. Sababu ndiyo hakuikumbuka.

"Si ungerudia! Umeniacha nazunguka mji mzima najigamba kama mpumbavu. Heri ungenitukana."

Mwanamke anayelala naye kitanda kimoja alikuwa akifungua bomba kila jioni, akiyamwagia maji mabakuli ambayo hayakuguswa, kisha akimpokea kwa tabasamu. Plastiki angeisamehe. Yale maji hakuweza.

"Nakwenda kwa dada," alisema. Dada yake ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza na mpiga debe wake mkubwa. "Huyo angalau anayatumia. Nimeyaona kwake kwa macho yangu, yameoshwa, yanachuruzika..."

Binti aliinamisha kichwa. Mkewe akatazama sakafu.

"Nini?"

"Wifi ndiye aliyenifundisha," alisema mkewe.

Fundi Mdomo aliyarudisha mabakuli kwenye kichanja. Kule karakana mpishi alikuwa bado anasubiri. Alirudi mezani, akavuta kiti, akaketi.

"Nipakulie."

Mkewe alinyoosha mkono kuchukua lile bakuli jeusi.

"Si hilo. Kama yenu."

Akaletewa la plastiki, jepesi, mdomo wake mwembamba. Akaweka kijiko kando, akaliinua kwa mikono miwili, akanywa mchuzi wote mpaka chini. Kisha akajipangusa kidevu kwa kiganja. Kilikuwa kikavu.